Si ochok, ni biringanya ya Kithai

Kwa mtu aliyekulia Nyanza, tunda la mviringo la kijani lenye michirizi myeupe lina jina moja tu: ochok. Watoto wanarushiana, wazee walilitafuta jino likiuma, lakini kulipika? Nani! Kwa hiyo mamangu mkwe alipotutembelea hapa Migosi, Kisumu, na kukuta ndoo zimejipanga kando ya tangi la maji, aliuliza kwa upole, "Nyathina, mmekosa sukuma mpaka mnapanda ochok?"

Nilimwambia ni biringanya. Hakuamini, na sikumlaumu, maana ochok na biringanya ni jamaa wa karibu, wote ukoo wa Solanum. Hii yangu Wathai wanaiita makhuea pro. Ikikua inatoshana na limau. Wana pia inayoitwa makhuea yao, ile ndefu ya kijani, na makhuea phuang, ndogo mfano wa njegere, inayozaa kwa vichala na ambayo ni mmea tofauti kabisa, Solanum torvum. Mimi ninazo hizo mbili za kwanza.

Joto la Kisumu zinalipenda. Mbegu ya biringanya huota vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30, na hapa hilo ni jambo la kila siku. Dada yangu yuko Nakuru, juu kule kwenye baridi ya usiku, na zake zinajikokota hata chini ya nailoni. Shida yetu sisi ni udongo. Huu mweusi wa mfinyanzi ukishalowa haukauki, ndiyo maana natumia ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, zenye udongo, mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

Sababu nyingine ya ndoo ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaokaa udongoni. Mmea unalegea saa sita mchana ukiwa bado kijani, jioni unainuka, unakupa matumaini, halafu siku moja hauinuki. Jirani yangu zilipoanza kulegea tulikata kipande cha shina karibu na mizizi, tukakishikilia ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka kutoka pale palipokatwa. Ukiona hivyo, usiende agroveti kununua dawa, utapoteza pesa. Ng'oa, choma, na mahali pale usirudishe nyanya, pilipili wala viazi, kwa sababu wote wanaugua ugonjwa huo huo. Wakulima wa Asia huunganisha biringanya juu ya shina la ile Solanum torvum, kwa kuwa inauhimili.

Maua hayana kazi nyingi. Hujichavusha yenyewe, ila chavua hutoka vizuri ua likitikiswa, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa ndio mafundi wa kazi hiyo. Sasa hata mume wangu nimemkataza kuwafukuza.

Kuvuna ndiko watu wanakoharibu. Chuma tunda likiwa bado gumu, linang'aa. Likianza kuwa njano, mbegu zimeshakomaa, zimekuwa za kahawia, na uchungu wake utakumbuka. La njano liachie mbegu za msimu ujao.

Na tafadhali, usilikaange mpaka liwe uji. Najua ndivyo tunavyofanya zile kubwa za zambarau kutoka soko la Kibuye, na sizikatai. Lakini hii sifa yake ni kutafunika. Wathai huila hata mbichi, wakichovya kwenye nam phrik, mchanganyiko mkali wa pilipili na uduvi uliochachushwa. Uduvi huo sina, nina omena, dagaa wetu wa ziwani. Nazikausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka zivunjike zikiguswa, nazitwanga na kitunguu saumu, pilipili mbichi na sukari guru kidogo, kisha nakamulia ndimu. Biringanya nazikata vipande vinne na kuzitupa mara moja kwenye maji ya chumvi, la sivyo zinageuka nyeusi. Hapo ugali uwe tayari.

Siku ya wageni napika mchuzi wa kijani. Natwanga pilipili za kijani, mchaichai, vitunguu, kitunguu saumu na mizizi ya dania (mwambie mama mboga asiikate). Wathai hutia khulinjani; mimi natia tangawizi na ladha inahama kidogo, lakini inakubalika. Tui zito linachemka kwanza peke yake mpaka mafuta yajitenge, ndipo viungo vinaingia na kukaangwa humo. Kisha tui jepesi na biringanya. Zikianza kulainika nje na ndani bado zinakataa uma, natia vipande vya samaki aina ya mbuta, na mwisho kabisa majani ya rehani. Mbuta akiiva tu, sufuria inashuka.

Wali wa Ahero ndio mwenzake. Pika mchuzi wa kuisha siku hiyo, kwa sababu ukiupasha moto kesho yake samaki atakuwa amevunjikavunjika na biringanya zimelegea, na hapo mamangu mkwe atapata la kusema.