Ng'ombe watoke lini kwenye ngano? Pasua bua

Baridi ikianza kupungua naulizwa swali lile lile: nimelisha ng'ombe kwenye ngano yangu ya majira ya baridi, na bado nataka kuvuna. Niwatoe lini? Wengi wanataka tarehe, nami tarehe sina. Ngano inafuata joto, na aina inayowahi inaweza kuitangulia inayochelewa kwa wiki nzima au zaidi, hata kama zilipandwa siku moja.

Jibu limo ndani ya bua. Katika baridi, ile ncha itakayokuwa suke inakaa chini kabisa, usawa wa udongo au chini yake. Ng'ombe anakula majani tu, mmea unachipua tena. Joto likipanda, bua linarefuka, linakuwa na uwazi ndani na kuisukuma ncha juu. Hapo ng'ombe akiuma anaondoka na suke, na chipukizi hilo halitatoa nafaka tena.

Basi ng'oa mimea kama kumi sehemu mbalimbali, pamoja na mizizi. Chukua chipukizi lililo kubwa kuliko yote katika kila mmea, ulipasue kwa wembe kuanzia chini. Utaona suke changa, dogo mno, na chini yake uwazi. Urefu wa uwazi huo ukifika sentimita 1.5, ng'ombe watoke, na watoke mara moja. Kila siku wanayobaki inakula mavuno, na hasara inazidi kadiri siku zinavyosonga.

Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalopuuzwa: mimea ya kupima itoke mahali ambapo ng'ombe hawakufika, na iwe ya aina ile ile. Ngano iliyoliwa huchelewa kurefuka, kwa hiyo itakuonyesha muda ambao huna. Mimi huzungushia uzio kipande kidogo kabla mifugo haijaingia.

Kuingiza nako kuna kipimo chake. Shika majani, uyavute kama ng'ombe anavyovuta. Yakikatika mmea ukabaki ardhini, mizizi imeshika. Ukining'inia mkononi, subiri.

Na kama bei ya nafaka haivutii kuliko ya nyama, lishia shamba lote mpaka mwisho. Ni uamuzi halali kabisa. Ila uamue kabla bua halijafika kipimo, kwa sababu ng'ombe wakibaki siku kumi zaidi kwa kusitasita, unapunguza nafaka na malisho yenyewe hujayamaliza.