Kwa Nini Bado Ninachoma DVD ya Kusakinisha

Tangu Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kazi inayoletwa zaidi mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, ni kompyuta za shule, za ofisi ndogo na za steshenari ambazo bado zina nguvu ya kutosha lakini haziwezi kupokea Windows 11, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, ama kwa sababu prosesa zake hazimo katika orodha inayokubaliwa. Nyingi ni mashine za mezani zilizoingia nchini zikiwa zimeshatumika, na karibu zote zina draivu ya DVD ambayo ni nzima kabisa. Ninaziwekea Debian, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, na ninaiweka kwa DVD. Vijana wanaokuja kujifunza ufundi huniuliza kwa nini nisitumie flashi kama mafundi wengine, nami nimeona ni afadhali niandike jibu mara moja.

Kwamba flashi ni rahisi kuandaa na husomeka haraka, sibishi. Tatizo ni kwamba flashi haikai na mwenyewe. Huazimwa ikachapishiwe barua, hupitishwa kwenye kompyuta za watu, kisha hurudi na virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato, au hurudi imefutwa yote ili kupisha picha za harusi. DVD-R iliyokwisha kuandikwa na kufungwa haiandikiki tena. Kompyuta yenye virusi inaweza kuisoma lakini haina namna ya kuibadilisha. Kwa hiyo ninaweza kumwachia diski mwalimu wa kompyuta kule Ujiji, naye akaitumia kwa mashine zote za darasa lake, na mwezi ujao ikawa ni ile ile niliyoihakiki mimi, mradi tu asiianike juani dirishani, kwa maana rangi inayobeba data ndani ya DVD-R huharibiwa na mwanga na joto.

Mahali wengi wanapokwama ni kwenye faili la ISO, yaani lile faili moja kubwa unalolipakua ili kuchoma diski. Wanalichukulia kama faili jingine lolote, wanalivuta hadi kwenye diski tupu, wanachoma, kisha wanashangaa kompyuta ikiipita diski hiyo na kuwasha Windows ya zamani. Faili la ISO ni nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kila sekta ikiwa na baiti 2,048. Kiwango cha ISO 9660 huziacha sekta 16 za mwanzo bila kuzitumia. Sekta namba 16, ukihesabu kuanzia sifuri, ndiyo yenye maelezo ya diski, na sekta namba 17, kwa mujibu wa mpango wa El Torito uliotolewa na kampuni za Phoenix na IBM mwaka 1995, ndiyo inayoielekeza BIOS au UEFI, yaani programu ya ndani ya kompyuta inayoanza kazi kabla ya Windows au Linux, kwenye orodha ya programu za kuwashia. Ukiliandika faili kama data ya kawaida, kila kitu kilichomo ndani yake kitakuwa salama, lakini sekta namba 17 ya diski yako haitakuwa na maelekezo hayo, na mashine haitaona tofauti kati ya diski hiyo na diski ya nyimbo. Kwa hiyo katika programu yoyote ya kuchomea, tafuta chaguo la kuandika taswira ya diski, yaani hiyo nakala ya sekta kwa sekta; Windows yenyewe inalo tangu toleo la 7, ukibofya faili la ISO kwa kitufe cha kulia. Kipimo ni chepesi: fungua diski baada ya kuchoma. Ukikuta faili moja tu lenye jina linaloishia na iso, umepoteza DVD. Ukikuta folda kama dists, pool na isolinux, taswira imeandikwa inavyotakiwa.

(Zile sekta 16 zilizoachwa wazi hazikwenda bure. Watengenezaji wa Debian huweka humo jedwali la patisheni, yaani la migawanyo ya diski, na ndiyo maana faili lilo hilo likiandikwa moja kwa moja kwenye flashi nalo huwasha kompyuta. Faili la Windows halijatengenezwa hivyo, kwa hiyo flashi yake huhitaji programu kama Rufus.)

Ukubwa nao unaamua mengi. DVD ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, ambazo kompyuta nyingi huzionyesha kama GB 4.38. Zamani Ubuntu, Linux nyingine maarufu, ilitosha kwenye CD moja ya MB 700, na kampuni yake, Canonical, ilikuwa ikituma CD hizo bure kwa posta hadi ilipoifunga huduma hiyo mwaka 2011. Leo Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani haiingii hata kwenye DVD ya kawaida, na Windows 11 vilevile. Debian bado hutoa DVD ya kwanza iliyopimwa ili iingie kwenye diski moja, ikiwa na mazingira kamili ya kufanyia kazi, jambo lenye thamani kubwa kwa shule isiyo na intaneti. Faili lao dogo la usakinishaji kwa mtandao huvutia kwa wepesi wake, lakini vitu vingine vyote huvitafuta mtandaoni wakati wa kusakinisha, na bando la mwalimu ndilo litakaloisha. Kwa mashine za zamani sana zenye prosesa za biti 32, tumia Debian 12, kwa sababu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Kupakua ninafanya kwa torenti, njia ya kuchukua faili vipande vipande kutoka kwa watu wengi, usiku, bando linapokuwa nafuu. Mtandao ukikatika, torenti huendelea ilipoishia na hukagua kila kipande. Hata hivyo, kabla ya kuchoma ninapiga sha256sum, amri inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, na kulinganisha herufi na tarakimu zake zote 64 na zile zilizo kwenye orodha iliyochapishwa na Debian. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na certutil. Kulingana huko kunathibitisha kwamba faili limefika zima. Anayetaka kujua kama kweli limetoka kwa Debian aikague pia sahihi ya kidijitali ya orodha hiyo kwa programu ya gpg, kazi ambayo wengi huiruka na ambayo mimi siiruki kwa diski itakayozungushwa kwa watu.

Kuchoma kwenyewe ninakufanyia kwenye laptopu yenye betri iliyojaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati, DVD-R hiyo ni ya kutupa. Ninachagua mwendo wa 4x, ambao huijaza diski kwa takriban robo saa, kwa kuwa nimeona diski zilizochomwa polepole zinasomwa vizuri zaidi na draivu zilizochakaa. Amri yangu kwenye Linux, ambako /dev/sr0 ndiyo draivu ya DVD, ni hii:

xorriso -as cdrecord -v dev=/dev/sr0 speed=4 debian.iso

Kisha ninaitoa diski, ninairudisha, na kuisoma yote upya. Hapa kuna mtego mdogo: draivu inaweza kusoma sekta za ziada zilizoongezwa mwishoni, na alama ya sha256sum ikatofautiana na ya faili ingawa diski ni nzima. Gawanya ukubwa wa faili kwa 2,048, kisha weka jibu badala ya N:

dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=N | sha256sum

Kwenye mashine ya mteja, menyu ya kuwashia hupatikana kwa F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, na F9 kwenye HP. Ukiona draivu ya DVD imetajwa mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI, na mteja anataka kubakiza Windows yake, chagua njia ile ile ambayo Windows hiyo ilisakinishwa nayo, vinginevyo mifumo hiyo miwili haitaonana kwenye menyu. Na kisakinishi kikianza vizuri halafu kikaganda katikati ya kusoma, ijaribu diski hiyo hiyo kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuchoma mpya. Kwa mashine zilizokaa miaka kwenye vumbi, mara nyingi lenzi ya draivu ndiyo inayotaka kufutwa.