Siku moja na watoto wangu wa maandalizi, Wete

Saa 11 alfajiri. Sala, Kurani kidogo, kufagia ua.

Saa 1:00 asubuhi. Natandika mikeka na kupanga vifuu, kila kimoja na komwe 10 za kuhesabia. Skuli za awali za madrasa zilipoanza Mombasa mwaka 1986, zikafika kwetu Zanzibar 1990, zilikuja na mtindo huu: dini na hesabu pahala pamoja, kwa vitu mtoto anavyovijua.

Saa 1:30. Wanaingia kwa salamu, viatu wanavua wakianzia cha kushoto. Mmoja wa miaka mitatu kang'ang'ania kanga ya mamaake. Mama anawahi kuchambua karafuu. "Nyamaza, nakwenda dukani kukununulia biskuti, narudi sasa hivi." Akatoka mbio. Hili huniuma kuliko kilio chenyewe.

Saa 3:00. Duarani tunazungumza ukweli: Mtume (s.a.w.) aliitwa Al-Amin, Mwaminifu, hata kabla hajapewa utume. Yule mdogo hataki duara. Kakaa mlangoni, komwe mbili kazifumbata, macho njiani. "Mama anakuja na biskuti," kanambia. Nimfundishe nini mimi juu ya ukweli?

Saa 4:00. Bismillahi, mkono wa kulia, uji. Hagusi kikombe. Nikakaa naye chini nikamwambia: mama yuko kwenye karafuu, atakuja adhuhuri. Akalia upya, nikamwacha alie. Kisha akanywa uji wote.

Saa 6:00. Mama karudi, nikamvuta pembeni. Nikamsimulia hadithi aliyoipokea Abdullah bin Amir: mamaake alimwita utotoni, njoo nikupe kitu. Mtume akamuuliza alitaka kumpa nini. Akajibu, tende. Akamwambia, lau usingempa kitu, ungeandikiwa uongo.

"Mwalimu, mie nilitaka anyamaze tu."

"Najua, mwanangu. Wangu pia niliwafanyia hivyo hivyo."

"Basi kesho nimwambieje?"

"Mwambie unakokwenda na saa ya kurudi. Akilia, niachie mimi."

Silaumu. Karafuu hazisubiri, na mama huyu hana wa kumsaidia. Ila mtoto wa miaka mitatu hasomi adabu kwenye ubao, anaisoma mdomoni mwa mamaake.

Saa 10:00 jioni. Nahesabu komwe kabla ya kufunga. Kifuu kimoja kina nane. Kaondoka nazo mbili. Kesho nitamwomba anirudishie, kwa upole, wala sitamwahidi kitu.