Kidonge cha Alfajiri, Mbizi ya Mchana

Nungwi, Jumamosi usiku

Fomu ya afya ya wazamiaji ina swali ambalo sisi watu wa vidonge vya kila siku hatuna pa kulikwepea: unatumia dawa uliyoandikiwa na daktari? Dawa za kuzuia malaria zimesamehewa, isipokuwa meflokwini. Za tezi ya shingo hazimo kwenye msamaha. Nikaandika ndiyo, na mwalimu akanirudishia fomu palepale. "Dada, bila barua ya daktari mimi sikushushi."

Nilimpenda bure. Nikaitoa barua mkobani.

Barua yenyewe imenigharimu subira. Nilipoongezewa dozi ya levothairoksini, kidonge changu cha tezi, daktari aliniambia nisubiri wiki 6 hadi 8 ndipo nipime damu tena, maana dawa hii haina haraka: wiki ikipita, karibu nusu yake bado imo mwilini. Katikati ya kusubiri wenzangu wakaniita tukazamie kisiwani Mnemba, nikakataa. Wakadhani naogopa kidonge kisigombane na mgandamizo wa maji. Wala. Kinachotakiwa ni mwili uliotulia. Dozi ikiwa ndogo unakuwa mzito, moyo unakwenda polepole na baridi inakupata upesi. Na huu msimu wa kusi, maji ya nyuzi 25 au 26 ni raha ukiruka tu kutoka botini, lakini ukikaa chini muda mrefu meno yanaanza kugongana. Dozi ikizidi, moyo unakwenda mbio, pumzi nazo zinafuata, hewa ya mtungi inakwisha kabla ya wenzako. Kwenye mita 18, ambako mgandamizo ni karibu mara 3 ya ule wa juu, sitaki ndipo nigundue kwamba moyo unarukaruka.

Leo kidonge nilikimeza alfajiri kwa maji matupu, chai na chapati zikasubiri saa nzima. Kalisiamu nimeiacha hadi usiku. Hizo mbili lazima zipishane saa 4. Suti niliomba yenye ukosi uliolegea kidogo, kwa sababu kitu kinachonikaba shingoni sikipendi, hata pasingekuwa na tezi.

Kasa tumewaona, wawili wakila majani bila habari na sisi. Wakati wa kupanda tulisimama mita 5 kwa dakika 3, nikasikiliza mapigo yangu. Yalikuwa sawa.

Kipimo kingine ni mwezi wa kumi. Dozi ikibadilishwa tena, barua hii imekwisha kazi na nitakaa nchi kavu hadi nipate nyingine.