Zana za Kisasa na Sharti Lake kwa Mwandishi wa Programu

Mjadala wa iwapo mwandishi wa programu ategemee zana za kisasa au abaki na kihariri sahili cha maandishi ni wa siku nyingi, na mara nyingi huendeshwa kana kwamba ni suala la hulka: anayetumia Vim, kihariri sahili cha maandishi, huonekana hodari na anayetumia IntelliJ IDEA, zana ya kisasa inayoelewa lugha ya programu, huonekana amedekezwa, au kinyume chake, yule wa kwanza huambiwa kwamba amekwama katika karne iliyopita. Mimi ninasimama upande wa zana za kisasa bila kusita, lakini kwa sharti moja, kwa sababu pasipo sharti hilo utegemezi wa mtu mmoja hugeuka kuwa udhaifu wa mradi mzima.

Sababu yangu kubwa ni kazi inayoonekana ndogo, yaani kubadilisha jina. Tuseme mradi una funksheni (kipande cha programu chenye jina, kinachofanya kazi moja) iitwayo "fungua" katika sehemu inayoshughulikia faili, na nyingine yenye jina hilohilo katika sehemu inayoshughulikia madirisha ya skrini, na sasa unataka ile ya kwanza iitwe "somaFaili". Kihariri sahili huona herufi tu. Ukikiagiza kitafute neno hilo kitakuletea funksheni zote mbili, pamoja na maelezo yaliyoandikwa kando ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, pamoja na "funguaUpya" isiyohusika kabisa, na itakubidi upitie tokeo moja baada ya jingine ukiamua mwenyewe. Katika mradi wenye maelfu ya faili, mtu aliyechoka ama atakosea, ama ataamua kuliacha jina baya kama lilivyo. Hilo la pili ndilo linalonisikitisha zaidi, maana halitoi ujumbe wowote wa hitilafu. Majina yasiyosema kweli huendelea kurundikana mpaka anayeusoma msimbo baadaye akashindwa kujua lipi la kuamini.

Zana inayoelewa lugha ya programu huusoma msimbo kwa namna inavyousoma kompaila, programu inayougeuza msimbo uweze kuendeshwa na kompyuta, ikajua kila "fungua" ni ya nani na inaitwa kutoka wapi, kisha ikabadilisha zile zinazohusika peke yake. Kazi hiyo ilikabidhiwa mashine katika miaka ya 1990, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipotengeneza zana ya namna hiyo kwa ajili ya lugha ya Smalltalk, na IntelliJ IDEA iliyotoka mwaka 2001 ikaifikisha kwa waandishi wa Java. Hata hivyo uelewa huo una mipaka. Jina lililofichwa ndani ya mfuatano wa herufi, jina la safu katika hifadhidata, au jina lililotajwa katika faili ya mipangilio, zana haiwezi kulithibitisha kwa kanuni za lugha. Katika Python, ambako programu inaweza kuitafuta funksheni kwa jina wakati tayari inaendeshwa, mipaka hiyo hukaribia zaidi kuliko katika Java. Ndiyo maana ninasema mtu aitegemee zana huku akijua inajua nini.

Wanaosifu usahili husahau pia kwamba vihariri wanavyovitetea vilikuwa zana za kisasa za wakati wao. Kihariri ed, kilichoandikwa na Ken Thompson mwaka 1969, kilimlazimu mtu kufanya kazi kwa amri za mstari mmojammoja. Vi ya Bill Joy, ya mwaka 1976, ilimwonyesha maandishi kwa skrini nzima, nayo yalikuwa mageuzi makubwa. Turbo Pascal ya mwaka 1983 iliweka kihariri na kompaila katika programu moja, na kosa likipatikana, kishale cha kuandikia kilipelekwa moja kwa moja mahali penye kosa. Sijaona hoja ya maana ya kutaka maendeleo hayo yakomee mahali fulani.

Tangu mwaka 2016 ukuta wenyewe kati ya vihariri sahili na zana za kisasa umebomoka kwa kiasi kikubwa. Microsoft ilitangaza itifaki ya seva za lugha, ambayo kwayo programu moja inayoelewa, kwa mfano, lugha ya Rust inaweza kuhudumia vihariri vingi tofauti, bila kila kihariri kuandikiwa uelewa huo upya. Kihariri Neovim, kilichotokana na Vim, kilipokea uwezo huo ndani yake mwaka 2021, na kihariri Emacs mwaka 2023. Kwa hiyo swali la dirisha gani unaandikia limepungua uzito, na lililobaki ni ujuzi wa kuujenga mradi unakaa wapi.

Hapo ndipo lilipo sharti langu: kila kitufe cha zana kiwe njia ya mkato ya amri inayoweza kuandikwa kwenye terminali, yaani dirisha la kuipa kompyuta amri kwa maandishi, na amri hiyo iwe imehifadhiwa ndani ya mradi. Mipangilio ya kujenga programu ikikaa katika zana ya mtu mmoja tu, seva ya kuendesha majaribio, yaani kompyuta inayoijenga na kuijaribu programu yenyewe bila mtu wa kubofya kitufe, haitaweza kufanya kazi yake, na mwenzake atakayekuja ataanza kwa kubahatisha. Ninaona pia ni lazima mtu aimudu vi kwa kiwango cha kufungua faili, kurekebisha mstari na kuhifadhi, kwa kuwa ndicho kihariri atakachokikuta katika seva nyingi za Linux.

Mapendekezo ya akili bandia, yaliyoenea tangu GitHub Copilot, zana inayopendekeza msimbo wakati unaandika, ilipotokea mwaka 2021, ninayaweka katika fungu lake. Kubadilisha jina kwa zana hufuata kanuni za lugha ya programu. Pendekezo la akili bandia ni makisio, hata linapokuwa makisio mazuri, na linastahili kusomwa kama msimbo ulioletwa na mtu usiyemfahamu.

Kwa anayeanza kujifunza, sikubaliani na wanaomnyima zana mpaka akomae. Apewe siku ya kwanza kihariri kinachomwonyesha kosa palepale anapoliandika, maana mwanzoni kila kosa lililochelewa kujulikana humpotezea muda na moyo. Ila programu yake ya kwanza aipitishe kwenye kompaila kwa amri aliyoiandika mwenyewe, asome ujumbe inaotoa, kisha ndipo aonyeshwe kitufe kinachofanya kazi hiyohiyo.