Unapenda tu kupatia

Jumamosi, 20 Novemba 2021

"Mamdogo, hivi wewe hii sinema unaipenda, au unapenda tu kupatia?"

Hayo ndiyo maneno. Yalimtoka mtoto wa Dada Jumatano jioni, mdomo umejaa chapati, na hakuyasema kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Ingekuwa kejeli ningemrudishia kejeli, tungecheka, yakaisha. Mimi nikamjibu, "Vyote viwili," nikarudi kwenye laptop. Jibu gani hilo?

Wiki yenyewe haikuwa ya kukaa kuwaza maneno ya mtoto wa kidato cha pili: mgao wa maji, video za harusi mbili za kukabidhi, Dada kapata barua ya uhamisho wa Dodoma. Lakini nikijilaza tu nasikia: kupatia. Kupatia.

Mnajua tulichokuwa tunaangalia. Trela ya pili ya Spider-Man: No Way Home imetoka Jumanne kwa Wamarekani, kwetu ikawa alfajiri ya Jumatano. Ile ya kwanza, ya Agosti, niliiandikia hapahapa: ilivuja TikTok siku moja kabla, mtu kairekodi kwa simu kutoka kwenye skrini nyingine, na ilipotoka rasmi tarehe 23 ikatazamwa mara milioni 355.5 ndani ya saa 24. Hii ya pili imetupa maadui watano kwa mpigo. Green Goblin wa 2002, Doctor Octopus wa 2004 na Sandman wa 2007 wametoka kwa Spider-Man wa Tobey Maguire. Lizard wa 2012 na Electro wa 2014 wametoka kwa yule wa Andrew Garfield. Swali linalowanyima watu usingizi ni moja. Maadui wao wamekuja, wenyewe wako wapi?

Garfield amekana mwaka mzima kwamba yumo. Kila akiulizwa anakana, tena anakana kwa uso wa mtu anayeonewa. Sawa. Mimi siangalii uso wake, naangalia fremu, zile picha moja moja zinazounda video.

Na kwa sababu kila nikiandika hivi mnaniuliza naangaliaje, nitasema tena. Msiangalie kwenye simu, na msiangalie kipande alichokirusha mtu mwingine. Nendeni kwenye trela yenyewe YouTube, mpandishe ubora mpaka 1080 au zaidi, maana ukiiacha ijichagulie itakuletea uji. Sitisha, kisha gonga kitufe cha nukta kusogea mbele fremu moja moja, cha mkato kurudi nyuma. Ukiwa nayo kwenye VLC, herufi E inasogeza mbele. Kurudi nyuma hairudi hivyo, itabidi uruke sekunde kadhaa nyuma uanze tena. Sinema ni fremu 24 kwa sekunde. Ukihesabu ukakuta 30, hicho ulicho nacho ni nakala ya mtandaoni: programu imechukua kila fremu nne ikazifanya tano kwa kurudia moja. Wiki hii nimesoma maelezo marefu ya mtu anayeapa kwamba Doctor Strange, yule mchawi wa Marvel, "anaganda" kidogo kabla ya kugeuka, kwa hiyo ni shetani aliyejigeuza. Hajaganda. Ni fremu iliyorudiwa.

Jingine ni la kuongeza mwanga. Ukivuta weusi juu ili uone kilichojificha gizani, unachokiona kwanza ni uchafu wa kubanwa kwa video. Sehemu za giza ndizo zinazobanwa zaidi, zinakuwa vibox vibox, na jicho la binadamu likiona vibox vitatu linatengeneza sura. Ndivyo Tobey alivyoonekana kwenye moshi, kwenye kioo cha dirisha na nyuma ya bega la MJ, mpenzi wa Spider-Man. Kipimo changu ni hiki: kitu cha kweli kinakaa fremu nne, tano mfululizo, na kamera ikihama nacho kinahama nayo. Uchafu unabadilika sura ghafla, picha nzima kwa pamoja. Kama "Tobey" wako anaishi fremu moja tu, mwache apumzike.

Sasa tufike kwenye Sanamu ya Uhuru, kwa sababu hapo ndipo chapati ilipokatishwa.

Ni usiku, sanamu imezungukwa na jukwaa la mafundi, ngao kubwa ya Captain America ipo pale juu. Spider-Man anaruka. Upande wa pili wanaruka Sandman, Electro na Lizard. Mmoja kwa watatu. Kwa anayefanya kazi ya kuhariri, kitu cha kwanza kinachochoma macho ni nafasi. Ukipanga mapigano ya mmoja kwa watatu, wote watatu unawaelekeza kwake, maana ndiye shabaha. Hapa Lizard anaruka kuelekea mahali ambapo hakuna mtu. Mdomo wazi, makucha mbele, anashambulia hewa.

Halafu ikaja nakala ya Brazil. Trela ni ileile, ila pale tulipokatiwa sisi, wao wamekatiwa baadaye kidogo sana. Na katika vifremu hivyo vya ziada kichwa cha Lizard kinatupwa upande, kama mtu aliyepigwa ngumi ya shavu. Ngumi haipo. Mkono haupo. Shavu limeliwa na hewa.

Mimi nafuta watu kwa riziki yangu. Harusi moja haiishi bila mjomba fulani kusimama na simu katikati ya kamera na bibi harusi, na mteja analipa ili mjomba asiwepo. Namchora ukingo wake fremu kwa fremu, namtoa, najaza nyuma yake kwa picha ya ukumbi niliyoichukua kabla watu hawajaingia. Mjomba mwenyewe hutoka vizuri. Kinachobaki ni kivuli chake sakafuni, macho ya mtoto aliyekuwa anamwangalia, na pazia alilolisukuma kwa kiwiko linaloendelea kucheza lenyewe. Hivyo navyo unaweza kuvifuta, ila kila kimoja ni saa nyingine za kazi, na mara nyingi unajiambia haitaonekana, kwa sababu hapo nakata baada ya sekunde moja. Nionavyo mimi ndicho kilichotokea Brazil. Aliyefuta alijua picha inakatwa wapi, akasafisha mpaka hapo. Aliyepanga trela ya Kireno akaivuta kidogo mbele ya alama.

Nikasimamisha hapohapo, nikamgeuzia mtoto laptop. "Umeona? Hapo kuna mtu." Akatafuna, akaangalia, akatafuna. Ndipo akauliza alichouliza.

Ningeweza kumwambia: ukipatia maana yake umeangalia vizuri. Au: fundi akisikiliza mlio wa injini haina maana haipendi gari. Haya majibu yote yalinijia Alhamisi, kwenye foleni ya maji, yakiwa hayana kazi.

Kilichonichoma, nadhani, ni kwamba hakukosea sana. Kumbukeni Machi. Kwenye tamthilia ya WandaVision tulihesabu mpaka nzi wa kwenye pazia, tukahakikisha kwamba Mephisto, shetani wa Marvel, anakuja. Wakamleta Evan Peters, aliyekuwa Quicksilver kwenye sinema za X-Men, tukasema sasa milango ya dunia nyingine imefunguka. Mwisho akawa ni jamaa wa mtaani tu, anaitwa Ralph Bohner. Mimi wiki ile sikuifurahia hata huzuni ya Wanda, na ilikuwa huzuni nzuri, kwa sababu nilikuwa nimenuna. Mephisto wangu hakuja.

Kwa hiyo sasa nadharia nazipima kwa ukali. Ile ya Agosti, ya mikono yenye shati jeupe lililokunjwa inayotupa makaratasi mezani mbele ya Peter, yaani Spider-Man bila barakoa, kwamba ni Charlie Cox, yule aliyeigiza shujaa Daredevil? Siinunui. Ushahidi wake ni kufanana tu, na mikono yenye shati jeupe nchi nzima ya Marekani inayo. Ya Sinister Six, kundi la maadui sita wa Spider-Man, kwamba maadui ni watano kwa hiyo wa sita amefichwa? Hiyo ni hesabu, haina fremu, ingawa tangu Oktoba Venom, adui mwingine wa Spider-Man, alipomwona Peter kwenye televisheni mwishoni mwa sinema yake, watu wa sita-sita wamepata nguvu mpya. Ya Strange kuwa Mephisto nimeshaizika hapo juu. Ya vazi jeusi la Spider-Man lenye mistari ya dhahabu, kwamba limetengenezwa kwa uchawi, sina neno. Mama alipita nyuma yangu na kikombe chake, akasimama, akasema, "Mbona huyu kavaa nguo ndani nje?" akaendelea zake. Hiyo ndiyo nadharia ya fundi cherehani.

Na trela nazo zinadanganya, lazima niseme. Infinity War ilituonyesha Hulk anakimbia na wenzake Wakanda. Kwenye sinema hayupo kwenye mbio hizo kabisa. Ragnarok ilituonyesha Thor na macho mawili mahali ambapo kwenye sinema ameshapoteza moja. Homecoming ilikuwa na Spider-Man na Iron Man wanaruka pamoja, picha tamu, na ukienda kuitafuta ndani ya sinema huipati. Wanaongeza, wanafuta. Kwa hiyo anayesema kichwa cha Lizard huenda ni uhuishaji ambao haujakamilika hasemi upuuzi. Picha nyingi za trela hutoka kabla mafundi hawajamaliza. Ila kazi isiyokamilika huwa ngumu-ngumu, kama sanamu. Haimpi mtu kipigo chenye mwelekeo. Kichwa kile kimetoka kushoto kikaenda kulia na shingo ikafuata.

Haya. Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo Alhamisi, na nilitaka kumalizia na asilimia zangu, kama kawaida. Usiku mtoto akanitumia ujumbe: "Mamdogo yule dada wa 2014 alikufa kweli?"

Nikashtuka kuwa 2014 alikuwa darasa la pili tu. Sinema zote hizo ninazozitaja kama majirani, yeye kazisikia tu kwangu.

Jana akaja, nikamtafutia kipande kile cha mnara wa saa. Gwen, yule dada wa 2014, anaanguka, Peter wa Garfield anarusha utando, utando unashuka polepole, una kama viganja vidogo mwishoni, unamfikia. Unamfikia kwa kuchelewa. Sikusimamisha. Wala sikusema neno. Mtoto akakaa kimya, akavuta pua, akasingizia vumbi la barabarani.

Kisha nikamwekea trela mpya, pale MJ anapoanguka kutoka kwenye jukwaa la sanamu, mgongo chini, mkono juu, na Peter wetu, wa Tom Holland, anajitupa kumfuata, kanyoosha mkono. Trela inakata. Nani anamdaka, hatuoneshwi.

"Basi," akasema, "wamlete yule kaka wa zamani amdake huyu."

Nadharia hiyo ipo, wengi wameiandika, na mimi nilikuwa nimeiruka kwa sababu haina ushahidi hata wa fremu moja. Hakuna kivuli, hakuna pazia linalocheza. Yeye hajaisoma popote. Kaiona kwa kuangalia mtu mmoja akishindwa na mwingine akianguka. Nikamwambia tena, tuangalie tena. Tukaangalia kwa spidi ya kawaida, na sauti, mara sita au saba. Ikifika MJ anakata hewa tunanyamaza wote wawili. Nilikuwa nataka hiyo ngumi ya Brazil iwe ya Garfield ili niwe nimepatia. Sasa nataka iwe yake ili awe pale karibu, awahi.

Sikumjibu lile swali lake. Hakuliuliza tena, nadhani amelisahau, na mimi ndiye niliyebaki nalo kama mwiba wa samaki. Aliniuliza tu sinema inaanza lini. Katikati ya Desemba, nikamwambia, tutakwenda siku ya kwanza, nauli juu yangu. Akasema asichelewe tu kurudi, kuna kufunga mizigo.

Kuna jambo jingine. Simtanki nimeligonga leo asubuhi kuanzia juu kushuka, na mlio umebadilika kwenye mkunjo wa pili kutoka chini, yaani maji yamebaki hapo tu. Zamu yetu ya maji ilikuwa jana. Nimeacha koki ya uani wazi usiku kucha na ndoo chini yake, ikatoa upepo mpaka saa kumi, ikanyamaza. Jirani anasema kwake yalikuja kidogo saa tisa. Mabomba yetu ni ya laini moja, kwa hiyo ama ameota, ama kuna mahali kati yangu na yeye pamepasuka, na kama pamepasuka ni chini ya ile saruji niliyomwaga Septemba.