Siku moja maishani mwangu: mwashi wa Mombasa na printa ya nyumba

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana ya Mshomoroni huniamsha kabla ya simu, na bega la kulia huniamsha kabla ya adhana. Natia vifaa mfukoni: mwiko, timazi, pimamaji, uzi na nyundo.

Saa kumi na mbili na nusu. Kahawa chungu na hamri mbili pale stendi, kisha matatu hadi Shanzu.

Saa moja. Mjengo wetu ni nyumba ya vyumba vitatu, na kuta zimefika kozi ya tano, yaani mstari wa tano wa mawe. Tunajengea mawe ya matumbawe ya inchi tisa, yaletwayo na lori kutoka timboni. Tuko sita: mafundi wawili na watu wa mkono wanne. Hao wanne ndio wakoroga mota, wateka maji na wabebaji mawe. Mimi nasimama tu na mwiko nikipiga kelele, "Mota! Jiwe!"

Saa nne. Chai na viazi vya karai. Mwenye nyumba akatokea na simu yake.

"Fundi, hebu tazama. Hawa wa Malawi walisimamisha kuta za nyumba nzima kwa printa, saa 12 tu. Wewe hizi zangu una wiki ngapi?"

Alicheka, lakini jicho lake halikucheka.

Mashine hiyo si ngeni kwangu. Hapo Kilifi tu, Mvule Gardens, ulipangwa mtaa wa nyumba 52 za kuta za printa, na kumi za mwanzo kuta zake zilipigwa kwa wiki 10. Mwaka 2023 nilikwenda kuzitazama. Mashine yenyewe imetengenezwa Denmark: fremu ya chuma inayoizunguka nyumba nzima, na pua inayotembea huku na huku ikitema mota, tabaka juu ya tabaka, mfano wa tambi za dengu zinavyotoka kinuni. Ukipitisha mkono ukutani unaihisi ile mistari.

Ugumu wote uko kwenye mchanganyo. Ukiwa majimaji, tabaka la chini hubonyea. Ukiwa mzito kupita kiasi, pampu huziba. Tabaka la juu nalo likichelewa, likakuta la chini limeshakauka, hayashikani sawasawa, na ufa huanzia papo hapo. Kwa jua letu la Februari hilo si jambo la mchezo.

Nikamjibu: "Bosi, hizo ni kuta tu. Msingi utachimbwa vilevile. Nondo zitafungwa, nguzo zitamwagwa zege, paa ni la seremala, halafu kuna umeme, mabomba, vigae na rangi. Na nyumba yako haikucheleweshwa na kuta. Ilicheleweshwa na ile miezi miwili tuliyongoja hela ya simiti." Hapo akacheka kweli.

Lakini sikumwambia yote. Printa inataka watu wachache: mmoja kwenye kompyuta, wengine kwenye mchanganyo na pampu. Mimi sitakosa plasta wala vigae. Wale wanne je? Na sisemi kubeba mawe ni raha, bega langu ni shahidi. Mzigo ukipata mashine ya kuubeba, Alhamdulillahi. Ila mzigo huo ndio unaolipa kodi ya chumba Kongowea, na mashine haiulizi mpangaji atalipaje.

Saa saba. Wali wa nazi na maharagwe. Mmoja wa vijana anasaka pasipoti, anataka kwenda Dubai kufanya kazi ya mjengo. Nikamwambia kwamba mwaka 2016 Dubai ilitangaza kuwa inataka robo ya majengo yake yajengwe kwa teknolojia hii ifikapo 2030. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba chumvi.

Saa nane hadi saa tisa ni jua na jasho, sina la kuandika.

Saa tisa. Hapa ndipo roho yangu ilipo. Mimi sikusoma chuo. Nilibeba karai miaka mitatu kabla ya mwashi mmoja mzee, Mungu amrehemu, kunipa mwiko na kusema, "Weka hilo jiwe, nikuone." Mafundi wengi ninaowajua walipitia njia hiyo. Kazi ya mkono ndiyo iliyokuwa darasa letu, na karo tulilipa kwa mgongo. Sasa kazi ya mkono ikiondoka, huyo kijana atasimama wapi atazame mkono wa fundi? Kazi ya kuendesha printa hufundishwa darasani, na kijana wangu huyu aliachia darasa la saba.

Basi leo nikamwita. "Kijana, njoo. Kona hii ni yako."

Kona ndiyo ufundi. Ikikaa sawa, mawe yaliyobaki hufuata uzi. Akapaka mota, akapandisha jiwe, akaligonga mara tatu, akanitazama.

"Usinitazame mimi. Tazama timazi."

Akaliteremsha timazi. Jiwe limetoka nje nusu inchi.

"Samahani, fundi."

"Ling'oe, mota ingali mbichi."

Saa kumi na moja wenzetu walikuwa wameshaosha mikono kwenye pipa, wanangoja hela zao. Yeye alikuwa kwenye jiwe la nne.